Mimi Nilipewa Muziki

Kila aliyepitia chuo kikuu katika nchi hii anaijua kazi ya kikundi. Majina saba hupangwa kwenye jalada pamoja na namba za usajili. Mmoja huandika usiku kucha, wawili hurekebisha tahajia, mmoja hutoa fedha ya kuchapa, na waliosalia hujitokeza siku ya uwasilishaji wakiwa wamevaa vizuri. Wanafunzi wenyewe wanalo jina la hao wa mwisho: abiria. Alama hutolewa kwa gari zima, na abiria hushuka na alama ileile aliyopata dereva.

Kwa mihula kadhaa sasa, katika somo ninalofundisha kuhusu sera za umma, nimeiweka kando insha ya kikundi ya kurasa ishirini. Badala yake kila kikundi hutengeneza video ya dakika tatu, kwa Kiswahili, yenye kueleza jambo moja la umma kwa takwimu zinazochorwa na kutembea: nguzo zinazopanda, ramani zinazojaa rangi, vibonzo vya watu vinavyoongezeka au kupungua, na sauti inayosimulia. Wanafunzi huiita animesheni. Wapo wenzangu wanaoniuliza, kwa upole, kama siku hizi nafundisha katuni. Huwajibu kwamba ndiyo, na kwamba mwanafunzi anayeweza kujificha ndani ya insha hupata taabu kujificha nyuma ya nguzo. Katika insha ataandika "ongezeko kubwa" na "changamoto mbalimbali", na msahihishaji aliyechoka atapita. Nguzo haikubali kuwa "kubwa" tu. Lazima iwe na kimo, kimo hicho kitoke mahali, na kando yake iwepo nguzo nyingine ya kulinganishwa nayo.

Wala kueleza mambo ya umma kwa njia zisizo za kitabu peke yake si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chakubanga alikuwa akichekesha na kufundisha katika gazeti la Uhuru kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa. Na wanafunzi hao wenyewe walifundishwa hesabu na wanyama wa katuni wa Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kurushwa mwaka 2014, wakati wengi wao wakiwa shule ya msingi. Ninachowaomba ni kuipeleka lugha waliyokulia nayo mahali pazito zaidi.

Wengi huanza wakidhani ugumu uko kwenye kompyuta. Programu za bure zipo, na simu ya kawaida inaweza kurekodi sauti na kuunganisha picha. Kinachowasumbua hasa ni vifurushi vya intaneti na ukweli kwamba katika watu saba huwapo kompyuta mpakato moja au mbili. Ugumu halisi hujitokeza pale wanapogundua kwamba dakika tatu ni sekunde 180, na kwamba namba za Kiswahili zina urefu wake. Matokeo ya sensa ya mwaka 2022, yaliyotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo, yalitupa idadi ya watu 61,741,120. Isome kwa sauti, ndugu msomaji, bila haraka: milioni sitini na moja, laki saba na arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Sekunde kadhaa zimekwisha, na muda wote huo picha imesimama ikikungoja. Kikundi kimoja kilibishana jioni nzima kama msimulizi aseme "laki saba" au "mia saba na arobaini na moja elfu". Mwishowe mmoja akapendekeza waseme "karibu milioni sitini na mbili" yaishe. Hapo likazuka swali ambalo sijapata kulisikia katika mihadhara yangu yote ya mbinu za utafiti: nani ametupa mamlaka ya kuongeza watu zaidi ya laki mbili na nusu ambao hawapo?

Kuna pia suala la kibonzo cha mtu. Tangu sensa ya mwaka 1967, iliyohesabu watu milioni 12.3, hadi ile ya 2022, tumeongezeka takriban mara tano. Kikundi kinachora mtu mdogo wa 1967, kisha kinamkuza hadi awe na kimo mara tano, mbele ya macho ya mtazamaji, kama jini anayetoka kwenye chupa. Lakini programu ikimkuza kwa kimo humkuza na kwa upana; mtu yule sasa anachukua eneo mara ishirini na tano, na jicho husoma eneo kabla ya kusoma namba. Mwanafalsafa Otto Neurath na wenzake waliliona tatizo hili huko Vienna miaka ya 1920, wakaweka kanuni rahisi: kitu kikiongezeka, usimkuze mtu, mrudie. Chora watu 12 wa ukubwa mmoja, kila mmoja akiwakilisha milioni, kisha chora 62. Mjane wake Marie Neurath alikuja kuitumia kanuni hiyo katika miaka ya 1950 akifanya kazi na serikali ya Nigeria ya Magharibi, kueleza kodi, shule na afya kwa wananchi waliokuwa wakielekea kujitawala. Ninapowaonyesha wanafunzi jambo hili hulielewa mara moja. Watu 62 waliosimama kwa safu wanaonekana kama watu. Jini mmoja anaonekana kama tishio.

Sasa nije kwenye kikundi kilichonifanya niandike makala hii.

Walichagua sensa zote sita tangu Muungano: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Nguzo sita zilipanda moja baada ya nyingine juu ya ramani ya nchi, rangi zikikolea kutoka manjano hadi nyekundu. Ilikuwa kazi nzuri kwa macho na masikio, bora kuliko nyingi ninazoziona kwenye televisheni zetu. Ilipofika nguzo ya nne ngoma nzito ikaingia. Kutoka milioni 23.1 za mwaka 1988 nguzo iliruka hadi milioni 34.4 za mwaka 2002, hatua iliyo mara mbili ya ile iliyotangulia, na sauti ikasema kwamba katika kipindi hiki idadi ya watu wetu ililipuka kutokana na mmiminiko wa wakimbizi kutoka nchi jirani. Kibonzo cha watu waliojitwika mizigo kikavuka mpaka wa magharibi. Ukumbi ukapiga makofi.

Tazama tena miaka hiyo. Kati ya sensa na sensa huwa tunahesabu miaka kumi, lakini kati ya 1988 na 2002 ilipita miaka kumi na minne. Kikundi kilizipanga nguzo kwa nafasi sawa, kana kwamba muda uliopita ni uleule. Ukiigawanya miaka inavyostahili, mruko ule unatoweka. Kasi ya ongezeko ilikuwa asilimia 2.8 kwa mwaka katika kipindi cha kabla, na asilimia 2.9 katika kipindi hicho chenyewe. Hapakuwa na mlipuko wowote wa kuelezwa.

Lakini maelezo yalikuwa yamekwisha kupatikana, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kosa la nafasi. Akili ya mtu ikishaonyeshwa mruko hutafuta aliyeruka. Wakimbizi walikuwapo kweli: Warundi walikimbilia Kigoma na Kagera baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na mwezi Aprili 1994 Wanyarwanda kwa maelfu wakavuka daraja la Rusumo. Kila kitu kinaingiana vizuri, mpaka uulize walikuwa wapi mwaka 2002. Wanyarwanda walio wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, miaka sita kabla ya sensa. Hawawezi kuwa ndani ya nguzo iliyochorwa baada ya wao kuondoka.

Kwa kawaida baada ya video huwa simuulizi kiongozi wa kikundi. Kiongozi amejiandaa. Humuuliza aliyekaa mwisho. Siku ile alikuwa kijana mmoja mkimya, na nikamuuliza tu kama anaona jambo lolote katika ile miaka sita iliyoandikwa chini ya nguzo.

"1988 na 2002, Dokta. Ni miaka kumi na minne. Nyingine ni kumi, na ile ya kwanza kumi na moja."

"Ulilijua hilo lini?"

"Tangu walipoonyesha rasimu."

"Uliwaambia wenzako?"

"Mimi nilipewa muziki."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Kiongozi wa kikundi akasimama kutetea, akasema kwa haki kabisa kwamba mwenzao hakuhudhuria vikao vya takwimu. Nilipofuatilia nikaelewa kwamba vikao hivyo vilifanyika kwenye bweni la mwenye kompyuta, saa tatu usiku, na kwamba kijana yule alikuwa amepanga chumba mtaani, mbali na chuo, ambako baada ya saa mbili hakuna daladala. Wakampa kazi inayoweza kufanywa kwa simu.

Siku mbili baadaye alinifuata ofisini. Akaniamkia, akakaa, na kwa muda akazungumzia mambo mengine. Kisha akanieleza kwamba babu na bibi yake walitoka Burundi mwaka 1972, wakapelekwa Ulyankulu, na kwamba familia yao ni miongoni mwa Warundi zaidi ya laki moja na sitini waliokubaliwa kuwa raia wa Tanzania na kukabidhiwa vyeti mwaka 2014. Watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwa hapa nchini kabla hata ya sensa ya 1978, kwa hiyo nao hawakuweza kuwa ule mruko. Alikuwa amelifikiria jambo hili hadi mwisho, bila karatasi. "Pale penye wakimbizi," akasema, "waliniambia niweke ngoma nzito. Nikaitafuta. Nikaipata nzuri." Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Nimeyatafakari maneno yake kwa muda mrefu, na sidhani kwamba ni habari ya kijana mwoga. Ni habari ya mgawanyo wa kazi. Tunawafundisha vijana kwamba kikundi bora ni kile ambacho kila mtu ana kipande chake: mtafutaji takwimu, mwandishi, mchoraji, msimulizi, mhariri, mpiga muziki. Ni mpangilio unaorahisisha kazi, nao unapendwa katika ofisi zetu zote. Lakini ndani yake limo sharti lisiloandikwa, kwamba kipande cha mwenzio hakikuhusu. Nimewahi kukaa katika kamati za watu wazima, wenye shahada na magari, ambamo taarifa ilipita mikononi mwa watu kumi na kila mmoja alijua palipo na kasoro, na hakuna aliyesema, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amepewa muziki.

Niliwarudishia kazi na kuwaambia kwamba alama zitangoja. Walichukia. Hoja yao ya kwanza ilikuwa kwamba namba zote sita ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ni kweli. Hata moja haikuwa ya kubuni. Hoja hii naisikia kila mwaka, na nina hakika inatokana na hofu zaidi kuliko ubishi. Vijana hawa walikuwa sekondari wakati Bunge, mwezi Septemba 2018, lilipoirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kulifanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye kukusudia kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi, kwa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi milioni 10. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa tena na jinai hiyo ikaondolewa. Kifungu kiliondoka, somo likabaki. Hadi leo kila muhula yupo anayeninong'oneza: Dokta, hatutapata matatizo? Wamejifunza kwamba usalama ni kuinakili namba ya Serikali bila kuigusa. Hawakujifunza kwamba unaweza kuinakili hadi desimali ya mwisho na bado ukasema uongo, kwa sababu uongo wa picha hukaa katika nafasi kati ya nguzo, katika rangi, katika kimo cha kibonzo, katika ngoma. Hakuna sheria inayoyafikia hayo, na nisingependa iwepo. Kunahitajika mtu ndani ya chumba anayesema, jamani, hii ni miaka kumi na minne.

Toleo la pili lilikuwa na mhimili wa miaka uliopimwa sawasawa. Mpenda ukweli angefurahi; wao walisononeka. "Sasa haina msisimko," mchoraji akaniambia, na sikuweza kumbishia. Mstari ulipanda taratibu kama mlima usio na genge. Ila sasa, kwa kuwa mruko wa uongo umeondoka, macho yalihamia mahali penyewe: kati ya 2012 na 2022 tumeongezeka kutoka milioni 44.9 hadi 61.7, watu takriban milioni 16.8 kwa miaka kumi, kwa kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka. Hapo hapana mgeni wa kusingiziwa. Hao ni watoto wetu, nao wanahitaji madawati, chanjo na baadaye ajira, na swali linakuwa ni bajeti gani iliyotengwa ikijua kwamba wanakuja. Nadhani ndiyo sababu toleo la kwanza lilipendeza zaidi. Lilikuwa limetuondolea sisi lawama.

Katika kulirekebisha walikutana na jambo jingine. Msimulizi wao, binti mwenye sauti ambayo redio yoyote ingeigombea, alikuwa akisoma kwamba asilimia 3.2 kwa mwaka ni sawa na asilimia 32 kwa miaka kumi. Aliyafikisha maneno hayo kwa uhakika mkubwa. Nikamwomba agawanye 61.7 kwa 44.9 kwenye simu yake. Akapata ongezeko la asilimia 37, akakunja uso. Nilipomkumbusha mkopo wa kikundi cha akina mama, jinsi riba isiyolipwa inavyozaa riba nyingine, akamaliza sentensi mwenyewe kabla yangu: mtoto wa mwaka wa kwanza naye anakua na kuzaa. Tangu hapo alikuwa anasoma namba kwa sauti tofauti, kama mtu anayetoa habari za kwao.

Toleo la kwanza, bila shaka, halikungoja. Lilikuwa limeshatoka usiku wa uwasilishaji kwenye makundi ya WhatsApp. Baada ya wiki kadhaa nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa afisa mipango katika halmashauri moja, akiniuliza kama linafaa kuonyeshwa kwenye kikao cha madiwani, maana, aliandika, limeeleweka sana. Nikamtumia la pili. Akashukuru, na akaongeza kwamba lile la kwanza lina muziki mzuri zaidi. Hapa ndipo ninapovionea wivu vile vikundi vya redio vya mwaka 1973. Katika kikundi cha Mtu ni Afya, mzee aliyesikia jambo asiloafiki alikuwa na mtu wa kumgeukia na kumuuliza. Video iliyosambazwa haina wa kuulizwa. Imekwisha kusahau ilitoka kwa nani.

Kwa hiyo nimebadilisha masharti. Video haipokelewi bila karatasi moja ya kawaida inayoonyesha kila namba imetoka katika chapisho gani na ukurasa gani, na imegawanywa kwa nini. Majina ya wote saba hutokea mwishoni mwa video pamoja na anwani ya barua pepe waliyoifungua kwa kazi hiyo, na wanapaswa kujibu watakaouliza hadi muhula uishe. Kipande cha kazi hakichukuliwi na mtu mmoja moja kwa moja. Mchoraji wa wiki hii ni mtafutaji takwimu wa wiki ijayo, hata kama ubora wa michoro unashuka, na kwa kweli unashuka. Vikao hufanyika mchana, chumba cha semina, kompyuta ikiwa mezani. Siku ya kuwasilisha, swali huenda kwa yeyote. Wapo wanaolalamika kwamba naua vipaji. Kuna ukweli katika hilo: video za mwaka huu ni mbaya kidogo kuliko za mwaka jana.

Kikundi kimoja sasa hivi kinashughulikia vyoo vya shule za msingi. Kiwango kinachotakiwa nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na walidhani kazi ni kugawanya tu. Wamekwama wiki ya pili. Walipokwenda katika shule moja kuhesabu walikuta matundu kumi na mawili, manne kati yake yamefungwa kwa kufuli na mawili ni ya walimu. Orodha ya shule inasema kumi na mawili. Watatu wanataka wachore kumi na mawili kwa kuwa ndiyo namba rasmi. Watatu wanataka sita. Wa saba, ambaye wiki hii zamu yake ni muziki, ameuliza ufunguo wa yale manne anakaa nao nani, na kesho wanarudi shuleni kuutafuta.